Mlokole Anaamini Nini Hasa?

Muulize mtu yeyote kituo cha daladala mlokole ni mtu wa namna gani, naye atakutajia mambo ambayo mlokole hayafanyi. Hanywi pombe, havuti sigara, hakanyagi kwa mganga, na harusi yake ni ya soda. Akiendelea atakusimulia habari za spika zinazonguruma mkesha mzima, za "Bwana asifiwe" hata kwenye simu, na pengine za mama fulani aliyemaliza mshahara wake kwenye kapu la sadaka. Picha hiyo haikutoka hewani. Walokole wenyewe wamesaidia kuichora. Lakini inapotosha kuliko inavyoeleza, kwa sababu fundisho lililo katikati ya imani hii linasema karibu kinyume chake: hakuna binadamu anayepata kibali mbele za Mungu kwa kuacha pombe, wala kwa kufunga, wala kwa kutoa fungu la kumi. Ukristo wa kiinjili unasimama juu ya dai kwamba kazi ya kumwokoa mwanadamu ilikwisha kufanywa na mwingine, msalabani, na kwamba mwanadamu huipokea bure. Mafundisho yake mengine, juu ya Biblia, Utatu, kuzaliwa mara ya pili na kuhubiri, yanaeleweka vizuri yakisomwa kuanzia hapo. Na mhubiri akiliweka dai hilo kando, anachobaki nacho ni dini nyingine, hata kama nyimbo ni zilezile na jina kwenye bango halijabadilika.

Hili si dhehebu. Walokole wamo ndani ya Kanisa Anglikana, wamo KKKT, Moravian, Africa Inland Church, makanisa ya Baptisti na ya Kipentekoste, na si kila muumini wa makanisa hayo angejiita hivyo. Mwanahistoria Mwingereza David Bebbington, katika kitabu chake cha 1989 juu ya vuguvugu hili nchini mwake, alitaja alama nne za kulitambua: kuipa Biblia mamlaka ya juu, kuuweka msalaba katikati, kusisitiza kwamba mtu lazima aongoke, na bidii ya kutenda, hasa kuhubiri. Alama hizo zinafaa, ingawa ni za mtazamaji wa nje. Waumini wenyewe waliandika ya kwao Julai 1974, pale viongozi zaidi ya 2,300 kutoka nchi zipatazo 150 walipokutana Lausanne, Uswisi, kwa wito wa mhubiri Mmarekani Billy Graham. Walitoka na Agano la Lausanne, lenye vifungu 15, ambalo mwandishi wake mkuu alikuwa John Stott, kasisi wa Kianglikana wa London. Afrika Mashariki haikwenda huko kusikiliza tu. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, alihutubia mkutano juu ya msalaba, na Mghana Gottfried Osei-Mensah, aliyekuwa mchungaji wa kanisa la Baptisti jijini Nairobi, akawa katibu mtendaji wa kwanza wa kamati iliyoundwa baadaye. Ukilisoma agano hilo utakuta mengi ambayo Mkatoliki au Mwothodoksi angeyakubali bila shida: Mungu mmoja katika nafsi tatu, Kristo aliye Mungu na mtu, kufufuka kwake, kurudi kwake. Hayo yalikwisha kuamuliwa kwenye mitaguso ya karne ya nne na ya tano. Upekee wa wainjili hauko katika orodha ya mambo wanayoyaamini. Uko mahali wanapouweka uzito.

Uzito huo unaonekana vizuri katika maisha ya John Wesley. Kufikia 1738 alikuwa kasisi aliyewekewa mikono, msomi wa Oxford, mtu wa kufunga kila juma, mtembelea wafungwa, na amerudi kutoka umisionari Georgia ng'ambo ya Atlantiki. Kwa kipimo cha kituo cha daladala alikuwa mlokole wa kupigiwa mfano. Yeye mwenyewe alijiona hana kitu: alihangaika bila kujua kama Mungu amempokea, na kila alipoongeza bidii ndivyo wasiwasi ulivyozidi. Jioni ya Mei 24 mwaka huo alihudhuria kikao kidogo mtaa wa Aldersgate, London, akasikia ikisomwa dibaji ya Martin Luther kwa Waraka kwa Warumi. Hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, akapata uhakika kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake, yeye binafsi. Hakuacha dhambi yoyote kubwa jioni ile. Hakuwa na ya kuacha ambayo jirani angeiona. Kilichobadilika ni alichokitegemea. Tukio hilo linatuonyesha kwa nini walokole humwambia hata mtu mwema, mwenye kusali na kutoa zaka, kwamba anahitaji kuokoka, maneno ambayo huwaudhi wengi. Hawasemi kwamba mtu huyo ni mbaya kuliko wao. Wanasema, wakimfuata Paulo katika sura ya tatu ya Warumi, kwamba wema wa mtu yeyote haufiki kimo cha utukufu wa Mungu, na kwamba kuhesabiwa haki ni hukumu ambayo Mungu huitoa kwa neema kwa anayemwamini Kristo. Mlevi na mzee wa kanisa wanaingia kwa mlango mmoja.

Hapa linakuja pingamizi zito kuliko yote, nalo haliwezi kupitwa juu juu katika nchi ambako Mkristo na Mwislamu wanaishi ukuta kwa ukuta. Je, ni haki mtu asiye na kosa afe kwa ajili ya wenye makosa? Uislamu unafundisha kwamba kila nafsi hubeba mzigo wake, na haukubali kwamba Isa alisulubiwa. Wala pingamizi hilo si la Waislamu peke yao, kwani nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anakataa kabisa mwana kuadhibiwa kwa uovu wa baba yake. Mahakama itakayomfunga ndugu wa mwizi huku mwizi akienda zake tungeiita mahakama ya dhuluma. Ninaona pingamizi hili ni la kweli kabisa dhidi ya namna msalaba unavyohubiriwa mara nyingi, pale Mungu anapochorwa kama hakimu mwenye hasira na Yesu kama mtu wa tatu aliyeingilia katikati akapigwa yeye. Lakini hilo silo fundisho lenyewe. Stott, katika kitabu chake juu ya msalaba cha 1986, aliweka wazi kwamba anayejitoa pale ni Mungu mwenyewe. Mkopeshaji anapomfutia mtu deni, fedha zile hazirudi kwa muujiza; hasara anaibeba yeye aliyekopesha, na hakuna anayesema amemdhulumu mtu kwa kuibeba. Ndiyo sababu uungu wa Kristo na Utatu, mambo yanayoonekana kama mafumbo ya wasomi, kwa mwinjili ni suala la uhai. Kristo akiwa nabii tu, hata aliye bora kuliko wote, Ezekieli ana haki na msalaba ni dhuluma. Akiwa Mungu aliyetwaa mwili, kama ulivyokiri mtaguso wa Kalkedoni mwaka 451, basi mwenye kudai ndiye aliyelipa. Mtu anaweza kulikataa dai hilo, na mamilioni hulikataa kwa sababu wanazoziheshimu. Ila alikatae likiwa zima.

Kutoka hapo tunafika kwenye kuokoka, neno ambalo Afrika Mashariki limepata umbo lake katika Uamsho ulioanzia Gahini, mashariki mwa Rwanda. Gahini kulikuwa na hospitali ya wamisionari wa Kianglikana. Daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alifika huko mwaka 1928, akakuta njaa kali na upungufu wa watu wa kazi. Septemba 1929, akiwa amechoka mwili na roho, alikutana Namirembe, Kampala, na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Baadaye Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali ya Gahini, alikwenda kwa Nsibambi akiwa na malalamiko yake: hospitali imepoa, kazi haiendi, mahusiano na wazungu ni mabaya, na yeye anafikiria kuacha. Nsibambi hakumpa pole. Alimwambia shida ya hospitali inaanzia ndani ya moyo wake mwenyewe, kwamba dhambi ni yake. Kinuka aliudhika, lakini njiani kurudi akajisalimisha, na kutoka kwake na wenzake moto ukasambaa Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Yapo mafundisho matatu ndani ya mazungumzo yale mafupi. Kwanza, dhambi ni hali ya moyo kabla haijawa orodha ya makosa. Pili, mtu haokolewi na kanisa lake wala na kazi yake hospitalini kwa wamisionari. Tatu, toba hutaja jambo kwa jina. Katika mikutano ya ushirika walokole walisimama wakatubu hadharani wizi, uzinzi na chuki. Wengine walirudisha mali waliyoiba, na baadhi ya wamisionari nao walitubu kiburi chao kwa Waafrika, jambo ambalo katika ukoloni wa miaka ya 1930 halikuwa dogo.

Mambo hayo ya kurudisha mali yanajibu pia shutuma kongwe kwamba neema ya bure ni leseni ya kutenda dhambi. Kama hukumu imekwisha kutolewa, kwa nini mtu ajisumbue? Paulo mwenyewe aliulizwa hivyo, na waraka wa Yakobo unasema kwa ukali kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Jibu la wainjili ni la mpangilio: matendo hufuata, hayatangulii. Anayerudisha alichoiba hanunui msamaha. Anaonyesha kwamba amesamehewa, na kwamba sasa hana tena haja ya kuficha. Tofauti hii inaweza kuonekana ya nywele tu, lakini ilipasua Ulaya katika karne ya 16, hata Mtaguso wa Trento ukatoa tamko lake juu ya kuhesabiwa haki mwaka 1547. Oktoba 31, 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja wakikubaliana juu ya kiini cha fundisho hilo, na Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Wapo wainjili wanaoliona tamko hilo limeficha tofauti zilizobaki. Hata hivyo, mtu aliyezoea kusikia kwamba Wakatoliki hufundisha wokovu wa matendo matupu anapaswa kulisoma kabla hajarudia maneno hayo mimbarini.

Kisha Biblia. Mwinjili huishikilia kama Neno la Mungu lililoandikwa na mwamuzi wa mwisho wa imani na mwenendo, juu ya askofu, mapokeo na ndoto za nabii. Hapo mpinzani atataja Shakahola. Tangu Aprili 2023, katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Je, si haya ndiyo mavuno ya kumwachia kila mtu Biblia aitafsiri apendavyo, bila mamlaka ya juu ya kumzuia? Pingamizi hili lina nguvu, na nusu yake ninaikubali. Makanisa mengi yaliyozaliwa kwa kujigawa hayana sinodi, hayana baraza la kumwita mchungaji ajieleze, na muumini anayeuliza swali hutishwa asimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Lakini angalia kilichotokea hapo: mtu mmoja amepewa mamlaka ambayo fundisho lenyewe linamnyima kila mtu. Wayahudi wa Beroya, katika Matendo sura ya 17, wanasifiwa kwa sababu walimpima hata Paulo kwa Maandiko. Biblia ya toleo la Union ya mwaka 1952 iliweka chombo cha kupimia mikononi mwa fundi cherehani na muuza samaki wanaosoma Kiswahili. Wala mamlaka ya juu si kinga ya uhakika: kundi lililoangamiza mamia ya watu Kanungu, Uganda, mwezi Machi 2000, liliongozwa na watu waliotokea Ukatoliki, akiwamo padri, ambao walijitenga na maaskofu wao. Pote pawili msiba ulikuja pale sauti ya kiongozi ilipokosa wa kuihoji.

Yako mengi ambayo wainjili hawakubaliani, nami nayapita haraka kwa kuwa wao wenyewe huyahesabu ya pili. Kubatiza watoto au watu wazima; kunyunyiza au kuzamisha; kama Mungu huchagua nani ataokoka au mtu hujichagulia; kunena kwa lugha, ambako Wapentekoste wanakuona ni dalili ya kujazwa Roho na wengine hawaoni hivyo; lini hasa Kristo atarudi na nini kitatangulia. Ugomvi juu ya hayo umevunja sharika nyingi. Lakini Mwanglikana wa Mpwapwa na Mpentekoste wa Mbeya wanaweza kubishana usiku kucha juu ya maji ya ubatizo na bado kila mmoja akamtambua mwenzake kuwa ni ndugu.

Siwezi kusema hivyo kuhusu injili ya mafanikio. Mhubiri anayemtaka mgonjwa apande mbegu ya shilingi laki moja ili avune uponyaji, au anunue mafuta ya upako ili biashara ifunguke, anatumia msamiati wa walokole, na umma unamhesabu pamoja nao. Kwa kipimo tulichokiona hayumo. Amerudisha kwa mlango wa nyuma kile ambacho Wesley alikitupa Aldersgate, yaani kibali cha Mungu kwa malipo, na safari hii malipo yenyewe ni fedha taslimu. Kejeli ya historia ni kwamba hoja 95 za Luther za mwaka 1517 zilizaliwa na hasira dhidi ya biashara ya rehema za kanisa. Wanateolojia wa kiinjili wa Afrika waliokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009 chini ya mwavuli wa Lausanne walitoa tamko juu ya jambo hili. Hawakukana kwamba Mungu huponya na hubariki; walikana kwamba utajiri ni kipimo cha imani na kwamba maskini ni mwenye upungufu wa kuamini. Tamko limebaki kwenye makabati ya vyuo vya theolojia, na kipaza sauti kimebaki kwa wale wengine.

Limebaki swali ambalo hakuna mtetezi wa imani hii anayepaswa kulikwepa. Rwanda, nchi ya Gahini, ndiyo iliyoua watu wanaokadiriwa kufikia 800,000 au zaidi katika siku mia moja za 1994. Waumini waliua waumini, na majengo ya makanisa kama Ntarama na Nyamata, yaliyokuwa ya Kikatoliki, yakawa machinjio. Makanisa yaliyozaa Uamsho nayo hayakutoka na mikono safi. Fundisho la kuzaliwa mara ya pili lilikuwa na kazi gani? Jibu rahisi ni kwamba wauaji hawakuwa wameokoka kweli. Silipendi jibu hilo, kwa sababu linaweza kutumika kufuta ushahidi wowote. Jibu la karibu zaidi na ukweli ni kwamba toba ilikuwa imefanywa fupi. Miaka mingi pombe, wizi na uzinzi vilitajwa kwa majina. Chuki ya kikabila, iliyojengwa na utawala wa kikoloni na siasa za baada yake, mara nyingi ilikaa kimya kana kwamba si dhambi. Agano la Lausanne lilikuwa limekwisha kuliona pengo hilo miaka 20 kabla: kifungu chake cha tano, kilichosukumwa sana na watu wa Amerika ya Kusini kama René Padilla na Samuel Escobar, kinatubu kwa kutenganisha uinjilisti na haki ya jamii.

Na ushahidi wa upande wa pili upo. Wakati wa vita vya Mau Mau miaka ya 1950, walokole wa Kikikuyu walikataa kula kiapo cha damu, wakisema wamekwisha kushiriki damu ya Kristo na hawawezi kuongeza nyingine. Wengi wao walikataa vilevile kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Wapigania uhuru waliwaona wasaliti, na kuna wanaowaona hivyo mpaka leo. Baadhi yao waliuawa. Nchini Rwanda, Israel Havugimana, Mhutu aliyeongoza huduma ya uinjilisti na kuhimiza upatanisho wa makabila, aliuawa siku za mwanzo kabisa za mauaji ya 1994. Desemba 1996, Wahutu, Watutsi na Wazungu Wakristo walikutana Detmold, Ujerumani, wakaandika ungamo ambamo kila kundi lilitaja makosa ya watu wake mbele ya makundi mengine na kuomba msamaha, Wazungu wakitaja mchango wa nchi zao katika kuwagawa Wanyarwanda. Si wote waliolipokea vizuri. Baadhi ya Wahutu waliuliza nani amewatuma wenzao kutubu kwa niaba yao, na swali hilo, la kama mtu anaweza kuungama dhambi ya kabila lake au ni yake tu, bado linajadiliwa katika makanisa ya Maziwa Makuu.